Samaki mgeni kafika Malindi: usimmwage tangini kabla hujasoma hapa

Mara yangu ya kwanza nilinunua samaki wa mapambo Mombasa, gapi sita na moli wawili, nikapanda matatu nikaupakata mfuko mapajani mpaka Malindi, na njia nzima mtoto wa kiti cha mbele kageuka ananiuliza kama hao ni wa kukaanga au wa kupaka. Nimefika nyumbani jioni nimechoka, nikakata mfuko kwa makasi nikamwaga samaki tangini pamoja na maji yao, nikavuta kiti nikae kuangalia. Dakika kumi za mwanzo raha tupu. Kufikia isha wawili wamelala ubavu, asubuhi nikatoa watano kwa kijiko cha chai. Nikamlaumu muuzaji wiki nzima ati kanipa wagonjwa, kumbe mgonjwa alikuwa mie na pupa yangu.

Samaki mgeni mara nyingi hafi kwa ugonjwa alokuja nao. Anauliwa na tofauti, ile tofauti baina ya maji alotoka na maji unayomtia, na sisi huku Malindi tofauti yetu ni kubwa kuliko watu wengi wanavyojua. Video nyingi za kufundisha zinasema weka mfuko uelee juu ya maji dakika kumi na tano kisha mwachie. Huyo anayesema hivyo hajawahi kuonja maji ya kisima cha Shela hapa Malindi.

Kwanza yajue maji yako

Mji wetu umekaa juu ya jabali, yani matumbawe ya zamani yaliyokuwa baharini. Kisima ukichimba, maji yanapita kwenye chokaa hiyo na mengine yanachanganyika na chumvi kidogo. Ndio maana birika likichemka mara kadhaa linaota ukoko mweupe ndani na sabuni haitoi povu. Hayo ni maji magumu, na pH yake (kipimo cha ukali wa maji: chini ya 7 yana asidi, juu ya 7 yana magadi) iko juu, kwenye 8 hivi. Ya mfereji yanatoka Baricho kando ya mto Sabaki, ni mengine kabisa, na yakitiwa klorini hiyo klorini inachoma mashavu ya samaki, pale anapopumulia. Sasa chukua samaki alofugwa Nairobi, ambako maji mengi yanatoka bwawa la Ndakaini huko juu milimani, maji laini ya mvua, umlete umtie kwenye kisima chako. Ile kalamu ya kupima TDS, yani chumvichumvi zilizoyeyuka majini (inauzwa bei nafuu kwa mafundi wa maji, kanunue) niliitumbukiza kwenye mfuko uliotoka Nairobi, kisha kwenye ndoo ya kisima chetu, namba ya kisima ilikuwa karibu mara kumi.

Mwili wa samaki wa maji baridi (yani yasiyo ya bahari) siku zote unaingiza maji kupitia mashavu na ngozi, na figo zinafanya kazi ya kuyatoa nje. Amezoea kasi fulani. Ukimbadilishia ghafla chumvichumvi za maji, ile mashine yote inabidi ijipange upya na hiyo si kazi ya dakika kumi na tano, ni kazi ya siku kadhaa. Joto linazoeleka haraka, chumvi na ugumu wa maji haviendi mbio.

Basi chagua samaki kulingana na maji kabla hujachagua rangi. Kama una kisima tu, chukua moli, gapi, au wale mbuna wa Ziwa Malawi, hao wanayataka maji magumu yenye pH ya juu, utafuga bila kichwa kuuma. Neon ni wazuri, nakubali, wakipita kundi zima kama taa za harusi, lakini asili yao ni maji laini na kuwaweka kwenye kisima chetu ni kutafutana ubaya. Beta anavumilia mengi, ila dume mmoja tu kwa tangi, ukiweka wawili utaamua ugomvi usiku kucha. Goldifishi anapenda maji ya baridi kuliko yetu, kwenye nyuzi 18 mpaka 24, hapa mwezi wa tatu sebule yenyewe inafika 30, na pia anakua mkubwa, kile kibakuli cha duara ni jela yake.

Na kabla mtu hajaniuliza: la, usiende kuvua wale wa miambani. Hifadhi ya bahari ya Malindi ipo tangu 1968 na ndani yake hakuchukuliwi kitu, hata kombe. Halafu samaki wa bahari ni somo lake mbali kabisa.

Tangi lazima liwe limetangulia

Hapa ndipo wengi tunapokosea kwa sababu tunanunua tangi na samaki siku moja. Samaki anakojoa na kunya humo humo anamopumua, hiyo inatoa amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti (nayo sumu), halafu wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo ikiwa kidogo haina neno. Hao bakteria wanakaa kwenye sponji la filta, ile mashine ya kuchuja maji, na kwenye mawe, na kuwafuga kunachukua wiki 4 mpaka 6. Unawasha filta, unatia chembe kidogo za chakula kila siku kama vile samaki yupo, ukiwa na vipimo unapima mpaka amonia na nitriti zote mbili zisome sifuri.

Njia ya mkato ya halali ipo moja tu: mtu unayemjua ana tangi la siku nyingi na samaki wake wazima, mwombe kipande cha sponji chake kichafu. Ulibebe likiwa ndani ya maji ya tangi hilo hilo, lisikauke, na wallahi usilioshe kwa maji ya mfereji ati limeoza, huo uchafu ndio ulioufuata.

Maji ya mfereji yaache kwenye ndoo wazi masaa 24 na pampu ya hewa ikitoa mapovu, klorini ya kawaida inapaa. Ukipata dawa ya kuondoa klorini ni bora zaidi maana klorini nyingine imefungwa na amonia na haiondoki kwa kuachwa. Tangi lisikae dirisha la jua la asubuhi. Mfuniko uwe na uzito, samaki mgeni usiku wa kwanza anaruka, na paka wa mtaa wetu hawangoji kukaribishwa.

Siku ya safari

Mwambie muuzaji asiwalishe siku moja kabla, tumbo tupu linachafua mfuko kidogo. Mfuko uwe maji theluthi moja, hewa theluthi mbili. Watu wanadhani maji mengi ndio salama, kumbe samaki anachoishiwa mapema ni hewa. Muulize pia maji yake ni ya wapi, akupe na pH na namba ya kalamu kama anapima. Kama hataki kusema, mie hununua kwengine.

Mfuko uingie kwenye lile sanduku la barafu la wavuvi, tupu, bila barafu, ufunike. Kiza linamtuliza na joto halipandi mbio. Ukiwa unatumiwa na basi la usiku, mwambie konda kwa mdomo wako mwenyewe kwamba humo mna roho, si kitoweo. Mfuko mmoja wa jamaa yangu ulikaa stendi kwenye simiti juani mpaka saa tano, alipoenda kuuchukua ulikuwa vuguvugu kama maji ya kunawia mgeni.

Kafika. Sasa tulia

Zima taa ya tangi. Watoto waambie waone baadaye. Uoshe mikono bila sabuni.

Mfuko uelee ukiwa umefungwa vile vile, dakika 15 mpaka 20, juu ya maji ya pale atakapoingia. Hii ni kwa ajili ya joto tu na inafanywa na kila mtu, iwe safari fupi au ndefu. Baada ya hapo njia zinaachana, na tafadhali soma zote mbili kabla ya kushika makasi.

Kama safari ilikuwa fupi, tuseme duka la hapa hapa mjini au umetoka Mombasa masaa mawili matatu, nenda polepole. Fungua mfuko, ukunje mdomo wake usizame, tia finjani moja ya kahawa ya maji ya tangi lako. Baada ya dakika tano finjani nyingine. Endelea hivyo mpaka maji ya mfuko yawe maradufu, kama dakika 40 hivi, na kama kalamu inaonesha tofauti ni kubwa ongeza muda mpaka saa nzima. Mwenye mrija wa pampu anaweza kuutumia kama dripu ya hospitali, samaki kwenye beseni chini, mrija kutoka tangini umefungwa fundo, matone mawili matatu kwa sekunde. Kisha mchote samaki kwa wavu, umtie, na maji ya beseni ukamwagie mgomba nje. Yasiingie tangini hata tone, hujui yana nini.

Safari ndefu ni kesi nyengine na hapa ndipo nilipokuwa nikiua samaki kwa kudhani nawahurumia. Samaki akikaa mfukoni masaa kumi na zaidi anatoa amonia, lakini pia anapumua nje hewa ya kaboni, na hiyo kaboni inashusha pH ya maji. pH ikiwa chini, amonia nyingi inakaa katika hali isiyo kali. Sasa wewe ukifungua mfuko ile gesi inatoka, sawa na soda ukiifungua, pH inapanda, na amonia ile ile iliyokuwa imelala inaamka. pH ikipanda kwa namba moja, kutoka 7 kwenda 8, sehemu iliyo sumu inaongezeka takriban mara kumi. Halafu unatia na finjani za maji ya kisima yenye pH ya 8, unaharakisha kabisa. Dakika arobaini za huruma zinakuwa dakika arobaini za kumchoma mashavu.

Kwa hiyo mgeni wa mbali unamtengenezea maji yanayofanana na ya kwao, kabla hajafika. Chukua ndoo safi ya lita 20, isiyowahi kutiwa sabuni wala omo. Tia maji laini: ya mvua uliyokinga kwenye bati safi baada ya mvua ya kwanza kuliosha, au yale yaliyochujwa ya kununua, ya kujazia mtungi wa dispensa. Yasiwe matupu hivyo, changanya na maji ya tangi lako kidogo kidogo huku unapima, mpaka kalamu isome karibu na namba aliyokupa muuzaji. Kama hakukupa, subiri mfuko ufike, utoboe tundu dogo juu, uvute maji kidogo kwa bomba la sindano, pima, uzibe kwa mkanda. Weka pampu ya hewa na sponji lenye bakteria. Weka mfuko uelee humo ulingane joto, kisha ufungue, mwage kwenye wavu juu ya beseni, samaki ndani ya ndoo, basi. Dakika moja nzima. Hakuna finjani, hakuna dripu.

Kutoka hapo ndio unamzoesha kisima, na unaenda kwa siku. Kila jioni toa lita mbili za ndoo, rudisha lita mbili za maji ya tangi. Ndani ya wiki mbili mpaka tatu namba ya ndoo inakuwa imekaribia ya tangi na samaki hajui limempata nini.

Ile ndoo pia ni karantini

Hata yule wa safari fupi, mie siku hizi simtii tangi kubwa moja kwa moja. Beseni au ndoo yake mwenyewe wiki mbili, tatu, na wavu wake mwenyewe. Nilijifunza kwa vidoadoa vyeupe. Gapi mmoja mzuri wa mkia wa buluu, siku ya nne ana chembe kama chumvi kwenye mapezi, siku ya sita tangi zima limenyunyiziwa chumvi.

Hicho ni kijidudu, na kile kidoa unachokiona kiko chini ya ngozi, dawa haikifikii. Kikiiva kinaanguka chini, kinajigawa kuwa vingi, na hao wachanga wakiogelea kutafuta samaki ndipo dawa inapowapata. Kwa joto letu mzunguko wote ni siku chache tu. Basi vidoa vikitoweka usishangilie ukaacha dawa, wameshuka chini kuzaana, endelea kama maelezo ya chupa yanavyosema. Chumvi ya jikoni isiyo na madini joto inasaidia kwa ndoo, kijiko kikubwa kimoja kwa lita 20, iyeyushwe kwanza pembeni, ila samaki aina ya kambare wadogo wanaokaa chini hawaipendi, hao wasitiwe.

Siku tatu za mwanzo

Usimlishe siku ya kwanza. Najua inauma, umenunua na chakula, lakini hana njaa ana hofu, na chakula kisicholiwa kinaoza kikawa amonia. Kesho yake mpe chembe anazoweza kumaliza ndani ya dakika moja, asipokula toa. Siku mbili tatu bila kula hazimuui.

Rangi ikipauka usishtuke, ni uchovu wa njia, inarudi. Akijificha nyuma ya jiwe muache. Mie hutia kipande cha kifuu kilichochemshwa vizuri na kusuguliwa, kimekatwa mlango, na mgeni akishaingia humo utaona mashavu yanaanza kupiga polepole, yale mapezi aliyoyabana yanafunguka moja moja. Kaa kimya uangalie hilo, litakufundisha kuliko kipimo.

Dalili za kuinuka kwenye kiti ni hizi: anavuta hewa juu kwa juu bila kuacha (isipokuwa beta, yeye huvuta hewa juu kwa kawaida yake), mashavu yanapiga haraka au yamekuwa mekundu au kahawia, anajisugua kwenye mawe, anaogelea kichwa chini. Ukiona hivyo badilisha robo mpaka theluthi ya maji papo hapo kwa maji ya joto sawa na aina sawa, kisha ndio utafute sababu. Kahawia hiyo mara nyingi ni nitriti, inageuza damu isibebe hewa, na hapa chumvi kidogo inamkinga maana inazuia nitriti kupita mashavuni.

Joto nalo. Maji yakiwa ya moto hewa ndani yake inapungua wakati samaki anaihitaji zaidi. Msimu wa kaskazi fungua mfuniko uweke wavu badala yake, elekeza feni kwenye uso wa maji, inashusha nyuzi mbili tatu, ila ongeza maji yanayokauka. Chupa ya maji yaliyoganda ni sawa ukiwa na haraka, iwe imefungwa, moja kwa wakati mmoja. Stima ikipotea, na itapotea, chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu, kila baada ya dakika chache, ndio pampu yako mpaka irudi. Pampu ya betri ni bei ya kitoweo cha siku moja.

Kumhamishia kwa wenyeji

Wiki mbili tatu zimepita, anakula, hana kidoa, namba za maji zinalingana. Mhamishe usiku, taa zimezimwa, wenyeji wameshakula wakashiba. Kabla ya hapo badilisha mawe na vifuu sehemu zake, hasa ukiwa na mbuna, maana kila mmoja ana chumba chake na mgeni akiingia nyumba isiyobadilika anapigwa na wote. Nyumba ikiwa mpya kwa kila mtu wanashughulika kutafuta vyumba. Na usilete wengi kwa mpigo, watatu wanne, halafu ngoja wiki mbili tena bakteria waongezeke kulingana na midomo.

Kama wenyeji hawakuelewana naye kabisa, mrudishe dukani au mpe mtu. Kumwachia Sabaki au kwenye dimbwi la mvua hapana, gapi wanazaana vibaya sana na wakishaingia humo hawatoki.

Ndoo isuuze kwa maji moto, bila sabuni, wavu na sponji pia, uvianike juani kutwa nzima mpaka vikauke kabisa, uvitundike mbali na vyombo vya jikoni. Yangu nimeiandika SAMAKI kwa rangi nyekundu, tangu siku niliyoikuta imelowekwa kanzu.